Dozi ya Mguu Mmoja

Kwa msomaji anayeingia mlangoni sasa hivi, nafuta kiti na kumweleza kwa kifupi aibu niliyoikiri hapa wiki iliyopita. Nilibandika tangazo kwenye ubao wa shule yetu ya bweni, kwa lugha ya heshima na sahihi iliyofanana mno na ya Mkuu wa Shule, likiwataka wanafunzi wote wafike mstarini asubuhi na mito yao ya kulalia kwa ajili ya ukaguzi. Wasichana mia nne walifika na mito. Wageni wa bodi ya shule nao walifika. Nikasimamishwa masomo wiki tatu, nikapewa barua, nikarudi nyumbani na sanduku langu la bati.

Wiki hii nakiri la pili. La kwanza lilinigharimu masomo yangu mwenyewe. Hili limemgharimu Baba funguo za kreni.

Baba ni mwendesha kreni, ile ndefu ya kujengea maghorofa. Anapanda ngazi asubuhi, anajifungia kwenye kijumba cha vioo juu ya mnara, na huko anakaa kitako mpaka jioni akinyanyua nondo na ndoo za zege. Wenzake humwita Mzee wa Juu. Miaka kumi na tisa hajaangusha hata kipande cha bomba.

Ila kukaa kule kulimletea tumbo. Lilikuwa likijaa gesi mpaka ovaroli inakataa kufunga vifungo. Akila maharage Jumapili, Jumatatu nzima ni vita. Kijumba chenyewe hakizidi kabati la nguo, na madirisha yake hufunguka kidogo tu. Mpiga ishara wake, ambaye huzungumza naye kwa redio ya mkononi, aliwahi kumuuliza kwa adabu kama huko juu mvua imeanza kunguruma.

Nilicheka wiki nzima kwa hilo. Nawaambia ili mjue mnasoma habari za mtu wa namna gani.

Ndipo Shangazi, dada yake Baba, akaja na chupa.

Shangazi ni mshona mapazia, na pia ni mwenyekiti wa chama cha akina mama wasiogusa kileo. Yeye na Baba walilelewa na baba mlevi, wakaapa tangu utotoni kwamba tone halitapita kooni mwao. Baba akipita karibu na baa huvuka barabara. Si kwa kuringa. Ni kama mtu aliyewahi kuungua anavyolizunguka jiko.

Alichokileta Shangazi kilikuwa dawa ya maji ya Ayurveda, ile tiba ya kale ya Wahindi. Mizizi, magome, mbegu na sukari guru huchemshwa, kisha huachwa kwenye pipa vichachuke wiki kadhaa. Ilikuwa nyeusi kama lami, ina harufu ya karafuu na zabibu zilizosahauliwa kabatini. Muuza mitishamba humimina kutoka kwenye galoni hadi kwenye chupa tupu isiyo na lebo, anakukabidhi na karatasi ya maelezo. Shangazi alisema yeye anaitumia miezi miwili sasa, tumbo lake limekuwa tambarare kama meza ya kukatia vitambaa, na akina mama nusu ya chama wanaifuata kwake.

Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kiingereza, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Baba aliisogeza mbele, akairudisha nyuma, akavua miwani, akaivaa tena. Mwisho akanipa mimi.

"Wewe ndiye tuliyekusomesha," alisema. "Nisomee, uniandikie kwa Kiswahili kinachoeleweka."

Niliisoma yote. Ilisema vijiko viwili vya chakula, na maji kiasi hicho hicho, baada ya kula, mara mbili kwa siku. Basi. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja kwamba kwa kuwa dawa imechachushwa, inajizalishia yenyewe kilevi kidogo.

Mstari ule niliuona. Sitajificha nyuma ya chochote. Niliuona, nikajua kwamba nikimsomea, chupa itarudi kwa mwenyewe saa hiyo hiyo, na mimi tayari nilikuwa na mzaha mzuri kichwani. Nikauruka.

Nikachukua karatasi safi, nikaandika kwa mwandiko wangu wa mashindano. Mgonjwa asichanganye dawa na maji. Aishike mdomoni akiisukutua polepole, amesimama kwa mguu mmoja, mguu wa kushoto kwa wanaume, huku akihesabu moyoni hadi mia, ili gesi ipate njia ya kushukia. Dozi ya asubuhi inywewe palepale kazini, kabla tu ya kuanza. Asinywe maji wala kula kwa nusu saa. Tumbo likivurugika ghafla, arudie dozi. Na nikamalizia kwa mstari niliouonea fahari kuliko yote: mgonjwa asicheke wakati wa matibabu.

Karatasi ya Kiingereza nikawashia jiko.

Ungedhani mtu mzima angeshtuka. Lakini mumjue mwendesha kreni. Kazi yake yote ni kufuata karatasi na ishara. Mkono wa mpiga ishara ukisema shusha, anashusha. Ukisema simama, anasimama, hata kama macho yake mwenyewe yanamwambia vingine. Mwendesha kreni anayeyajadili maelekezo ameshaua watu. Baba aliikunja karatasi yangu mara nne, akaitia mfuko wa kifuani wa ovaroli, pamoja na ile ya ukaguzi wa kamba za chuma.

Jumapili aliijaribu sebuleni baada ya chakula cha mchana. Nilimtazama kwenye ufa wa mlango. Mguu wa kushoto, mashavu yamefura, uso mzito kama wa mtu anayepokea cheti. Nilijifunga kanga mdomoni nisisikike. Mama aliyekuwa akipiga pasi alimtazama, akamaliza kola, akaendelea na mkono wa shati. Ameolewa miaka ishirini, hashangazwi haraka.

Na kichekesho ni kwamba ilimsaidia. Jioni ile alikula, akakaa, na hakuna kilichonguruma.

Jumatatu saa mbili asubuhi Baba alirudi nyumbani.

Alikuja na mpiga ishara wake, ambaye alikuwa amemshika kiwiko kama anavyoshikwa mfiwa. Baba alipita moja kwa moja chumbani. Mpiga ishara ndiye aliyebaki mlangoni kumweleza Mama, kofia mkononi.

Pale kazini kwao, kila anayeendesha mtambo hupuliza kipima pombe getini kabla ya kuruhusiwa kuingia na funguo zake. Afisa usalama, bwana mmoja wanayemwita Kofia Nyeupe, husimama na kile kidude na mirija yake, taa ikiwaka kijani unapita. Baba amekijia asubuhi miaka yote kama mtu anayepiga mswaki. Jumatatu ile alifika, akasimama pembeni ya geti kwa mguu mmoja kwa muda ambao hakuna aliyeuelewa, kisha akaja kupuliza. Taa ikawa nyekundu.

Kofia Nyeupe hakuamini. Taratibu zinasema mtu asubiri robo saa, apulize tena. Akamwambia Baba akae kwenye benchi atulie.

Hapo ndipo karatasi yangu ilipomfuata. Baba alikuwa ameshtuka, tumbo likamvurugika, naye akakumbuka alichoandikiwa. Alikwenda nyuma ya choo cha mafundi akarudia dozi. Akarudi, akapuliza. Nyekundu tena, na namba imepanda.

Mpiga ishara alisema wenzake wote waliinamisha vichwa wakitazama buti zao. Kofia Nyeupe alinyoosha mkono kuomba funguo, na Baba akazitoa mfukoni. Kikao cha nidhamu ni Alhamisi saa nne. Kosa lenyewe halina onyo la kwanza wala la pili. Ni kuondoka, na hakuna eneo jingine la ujenzi litakalompa mtambo mtu aliyeandikiwa hivyo.

"Mama, sisi tunamjua," alisema mpiga ishara. "Ila mashine nayo imesema mara mbili."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama na sahani ya kufuta. Niliifuta sahani ile mpaka nadhani nilipunguza unene wake.

Siku tatu zilizofuata sikuweza kukaa. Nikiketi, magoti yananiinua. Nilifagia uwanja uliokwisha fagiwa. Nilipanga viatu kwa ukubwa, kisha kwa rangi, kisha nikavirudisha vilivyokuwa. Nilitoka kwenda dukani nikafika nikasahau nimetumwa nini, nikarudi na chumvi tuliyokuwa nayo.

Jumanne nilikwenda kwa muuza mitishamba kuomba karatasi nyingine ya maelezo. Nilikuta kufuli. Jirani yake, fundi saa, alisema amesafiri kufuata mzigo, atarudi Mungu akipenda. Nilizunguka mtaa ule mara tatu, kana kwamba mlango ungejuta na kufunguka.

Mchana nilimfuata Baba uani. Alikuwa akifua ovaroli yake mwenyewe, taratibu, kifungo kwa kifungo. Nikamwambia nina jambo. Akasema na yeye analo.

"Unajua kinachoniuma?" aliuliza bila kuinua macho. "Babu yako alikuwa akirudi nyumbani anasema hajanywa. Kila siku hajanywa. Nimewahi kumwambia usoni kwamba mimi mwanangu hatanisikia nikisema maneno hayo. Sasa nimeyasema."

Akasuuza. Nikasema jambo langu linaweza kusubiri, nikaondoka mbio mbio kama mtu aliyeitwa. Hakuna aliyeniita.

Jumatano nikashindwa. Mama alikuwa akitia kifungo kwenye shati la kikao. Nilimwambia yote kuanzia mstari niliouruka hadi mguu wa kushoto. Nilimwambia nikiwa natembea kutoka dirishani hadi mlangoni, maana kusimama sikuweza. Shangazi alikuwepo, amekaa na pazia la mtu magotini.

Mama alikata uzi kwa meno. Hakunipiga wala hakupaza sauti, ningeshukuru angefanya mojawapo.

"Kesho utakwenda na chupa," alisema. "Utayasema haya haya, mbele yao, wewe mwenyewe. Sitakusaidia hata neno."

Shangazi ndiye aliyepagawa. Alisema dawa hiyo haina kilevi, haiwezekani, ni mizizi. Nikamweleza tena mstari wa chini ulivyosema. Akasema labda sikusoma sawasawa, sisi watoto wa shule tunasoma kwa kuruka ruka. Kisha uso ukambadilika. Nilimwona akihesabu kichwani akina mama wa chama chake, kila mmoja na vijiko vyake viwili, asubuhi na jioni, miezi miwili. Mama akasema angekuwa na uwezo angeimwaga chupa yenyewe chooni. Shangazi akasema hapana, isimwagwe, akainuka akaenda kuitazama mwenyewe jikoni.

Baba hakuambiwa. Mama alisema akijua, atanikataza kwenda ili kunifichia aibu, na aibu hiyo si yake.

Alhamisi asubuhi nilivaa sare ya shule, nikidhani itanipa sura ya ukweli. Chupa nilikuta juu ya kabati, imefutwa vizuri, kifuniko kimekazwa. Nikaitia mkobani. Shangazi, aliyelala kwetu, alisema kichwa kinamgonga, hatakuja. Tukaenda watatu. Baba alidhani mimi na Mama tunamsindikiza tu.

Kikao kilikuwa ndani ya ofisi ya kontena, feni moja, meza moja, michoro ya jengo ukutani. Meneja wa mradi, mama wa makamo mwenye miwani kwenye kamba, alikaa katikati. Kofia Nyeupe alikuwa kando yake na kile kidude kimelazwa kwenye kitambaa kama vyombo vya hospitali. Mpiga ishara alikuja kuwa shahidi wa Baba. Meneja akamuuliza Baba kama ana la kusema.

Baba alisimama. Akasema hajanywa.

Nikasikia yale maneno yakimtoka, nikainuka kabla sijaitwa. Nikaamkia, shikamoo Meneja, shikamoo Afisa, kisha nikaeleza. Sitayarudia hapa, mmeshayajua. Nasema tu kwamba kila sentensi niliisema nikitazama chini, na nilipofika kwenye mstari wa mgonjwa asicheke, Kofia Nyeupe aligeuza uso ukutani akasoma michoro kwa muda mrefu.

Baba sikumtazama. Nilisikia tu kiti chake kikilia.

Meneja akauliza karatasi halisi iko wapi. Nikasema niliwashia jiko. Akauliza duka je. Nikasema limefungwa. Akavua miwani.

"Kwa hiyo kilichobaki ni chupa na wewe," alisema.

"Ndiyo, mama. Na karatasi niliyoandika mimi. Anayo."

Baba aliitoa mfukoni. Ilikuwa bado imekunjwa mara nne. Meneja aliisoma yote, polepole, akampa Kofia Nyeupe naye akaisoma. Wakanong'onezana. Kisha Meneja akasema jambo lililonipa pumzi yangu ya kwanza tangu Jumatatu. Kama kweli ni dawa iliyobaki mdomoni, basi jambo lenyewe ni rahisi. Mzee atafanya leo kama alivyofanya Jumatatu, palepale, kidude kile kile. Taa ikiwa nyekundu, suala limekwisha na funguo zake atapewa.

Nilitaka kumbusu mkono.

Tukatoka hadi getini. Habari zilikuwa zimetangulia. Mafundi wa nondo, waseremala, mama wa stoo, wote walikuwa na sababu ya kupita hapo. Kofia Nyeupe alimtaka Baba apulize kwanza akiwa mkavu. Kijani. Akampa chupa.

Baba alipima vijiko viwili. Akaviweka mdomoni. Akainua mguu wa kulia.

Kwa kuwa hakuweza kuhesabu kwa sauti, mpiga ishara alimhesabia, mkono juu, kidole kwa kidole, kama anavyomwongoza na mzigo. Ilipofika ishirini Baba alikunja uso. Nilidhani ni aibu. Sitini, akayumba; mpiga ishara akasogeza bega, Baba akalikataa kwa kichwa. Watu zaidi ya hamsini walikuwa wamesimama pale, na hakuna aliyecheka. Ule mzaha wangu ulikuwa umesimama mbele yangu kwa mguu mmoja, una mvi, na mimi ndiye niliyeuandika.

Mia. Akameza. Akapuliza.

Kijani.

Kofia Nyeupe alikitikisa kidude. Akabadilisha mrija, akampa tena. Baba akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

Kijani. Sifuri, sifuri, sifuri.

Kwa mara ya kwanza katika maisha ya pale getini, watu waliiona taa ya kijani wakasikitika.

Meneja alinigeukia. Akaniuliza kama si mimi yule wa mito. Mpwa wake anasoma shule yetu, naye alibeba mto wake. Nikakiri. Akatikisa kichwa, si kwa hasira hata kidogo.

"Umeitunga vizuri, binti," alisema. "Naelewa kwa nini. Lakini sasa mzee ana kosa la Jumatatu, na juu yake ana ushahidi wa kubuni."

Nikaruka kuichukua chupa. Nikaigida mdomoni bila kijiko.

Ilikuwa chai ya rangi. Imekolezwa, imetiwa sukari hadi ikawa nzito, na karafuu mbili tatu za kunidanganya pua. Nikamgeukia Mama. Mama alikuwa ameikazia macho chupa, na sikujua kama ni mshangao au ni jambo jingine. Nikakumbuka kichwa kilichokuwa kikimgonga Shangazi, na alivyokwenda jikoni kuitazama chupa peke yake. Nikageuka niseme, niwaambie waonje wenyewe, kuna mtu amebadilisha.

Lakini Baba alikuwa ameshaivua kofia yake ngumu. Aliiweka juu ya meza ya walinzi, akaikalisha vizuri isije ikaanguka. Kisha akanikaribia, mdomo wake unanukia chai, akasema kwa sauti ya kunitosha mimi peke yangu.

"Mwanangu. Hata leo?"